Fisi Aliyenifundisha Kukimbia

Kosa ni langu. Yule fisi aliyemfukuza Mama Salina hadi akapanda paa la kibanda cha maziwa hapa Timboroa, mimi ndiye niliyemzoesha watu. Nilimlisha kwa mikono hii miwili. Na habari ilipoenea, nilishika kichwa nikashangaa pamoja na wengine. Uso mkavu kama wangu haujawahi kuonekana!

Nisikilizeni kwanza, halafu mnihukumu.

Mimi ni mtu wa pande za ziwa. Nilikuja huku kukata nyama kwenye buchari, lakini ukikaa sehemu hizi miezi sita bila viatu vya kukimbia, watu wanaanza kukuuliza kama unaumwa. Nikanunua vya mtumba. Kila asubuhi kabla ya kazi nilikimbia barabara ya vumbi iliyo kando ya msitu. Vijana wa kambi ya riadha walinipita wakinisalimu kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma. Nilitaka kocha wao anichukue. Sikutaka kitu kingine duniani.

Asubuhi moja nikasikia hatua nyuma yangu. Nikageuka nimsalimu mwenzangu. Lo, fisi! Mkubwa, ana madoa, sikio moja limechanika. Sikumbuki nilivyofika buchari. Nakumbuka tu kwamba nilipotazama saa ya mkononi, nilikuwa nimepunguza dakika nne.

Mtu mwenye akili angebadilisha njia. Mimi niliitazama ile saa mara ya pili.

Kesho yake nilibeba mfupa. Nilipofika mwisho wa msitu nikamtupia, akaudaka, akarudi zake. Basi tukawa na utaratibu wetu. Ananingoja penye mti ulioanguka, ananifuata nyuma kidogo, namlipa mwishoni. Nikilegeza mwendo, anasogea. Nikikaza, anatulia. Nikamwita Shemeji, kwa sababu hakukosa saa ya chakula hata siku moja na hakuja na chochote mkononi.

Siku moja mvua ilinichelewesha. Nilimkuta amelowa chapachapa, bado ananingoja. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, sitawaficha.

Kocha naye akaniona siku moja natokea kwenye kona ya msitu kwa kasi ya ajabu. Akaniuliza siku hizi nakula nini. Nikamwambia uji wa wimbi. Akaniita kwenye mchujo wa Jumamosi, mjini Eldoret.

Jamani, mchujo! Nilikimbia kama mtu anayekwenda kutazama shamba. Kila nikigeuka nyuma naona binadamu tu, na binadamu hao hawakukaa nyuma muda mrefu. Nikawa wa mwisho. Kocha akasema labda uji ulikuwa mwepesi.

Lakini aibu hiyo ilikuwa ndogo. Asubuhi hiyohiyo, Shemeji alikuwa penye mti wetu akiningoja. Aliyepita ni Mama Salina, mwenye nyumba ninayopanga, mama aliyenipikia nilipougua kama mtoto wake wa kumzaa. Alikuwa amebeba mkebe wa maziwa. Shemeji akamfuata kama alivyozoea kunifuata mimi. Mama akatupa mkebe, akakimbia, akapanda paa la kibanda. Kushuka, akateguka mguu.

Wazee wakakasirika. Watu wa wanyamapori wakaleta kizimba na kutia nyama ya mbuzi, lakini Shemeji hakukanyaga hapo. Alizoea kulipwa baada ya kazi, si kabla! Vijana wakasema asiponaswa kufikia Ijumaa, wao watammaliza kwa mishale.

Usingizi ukanitoroka. Alhamisi nikaenda kwa Mama Salina, nikamkuta ameuweka mguu juu ya kigoda. Nikamweleza yote.

"Kwa hivyo ni wewe ulikuwa unalisha huyo mnyama?"

"Ni mimi, Mama."

"Na mimi nikikuomba mifupa ya mbwa wangu, unaniambia imeisha."

Nilitamani ardhi inimeze. Ni kweli, nilimwambia hivyo wiki baada ya wiki, na yeye akaitikia na kuniletea mursik, yale maziwa ya mgando ya huku.

"Enda umtoe huko kabla hawajamuua," akasema. "Halafu urudi unikamulie ng'ombe. Mguu ni wako huu."

Ijumaa asubuhi nikavaa viatu vyangu, mfupa mkononi. Kizimba, watu wa wanyamapori walikuwa wamekisogeza kwa ombi langu hadi pale ninapomlipia kila siku. Shemeji alikuwepo penye mti. Nikaanza kukimbia, naye akanifuata bila wasiwasi wowote. Hakuwa na sababu ya kunishuku.

Nikalegeza mwendo. Akasogea. Nikalegeza zaidi, hadi nikawa natembea, na alikuwa karibu nami kiasi cha kusikia pumzi zake. Hakunigusa. Miezi yote ile nilidhani nakimbia kwa sababu angeweza kunirarua. Kumbe alikuwa ananisindikiza tu! Nikautupa mfupa ndani ya kizimba. Akaingia, mlango ukaanguka, akageuka kunitazama.

Walimpeleka mbali, kwenye mbuga nisiyoijua. Kocha alikuwa kando ya barabara na saa yake, mazoea tu, akaniambia hajawahi kuona mtu akitumia muda mrefu hivyo kwenye barabara ile. Nilikuwa nalia.

Wewe unayesoma, kama kuna mnyama mkali unayemrushia chakula ukijisifu kwamba anakujua, acha leo. Hatakujua wewe peke yako. Ataamini kila apitaye, na mwisho wake wewe ndiwe utakayeitwa umtie kizimbani, kwa kuwa hatamfuata mtu mwingine.

Siku hizi nakamua ng'ombe wa Mama Salina asubuhi, halafu nakimbia. Mbwa wake anakula mifupa hadi amenenepa. Nikifika penye mti ulioanguka bado nageuka nyuma, na hakuna mtu.