Kuhesabu Mpaka Barabara Irudi

Nilisikia matawi yakivunjika chini ya gurudumu kabla sijaona chochote. Mbele yangu palikuwa na weupe mtupu. Taa za lori lililokuwa likitoka Malaba zilikuwa zimemwagika kwenye kioo kizima, na ndani ya weupe ule hapakuwa na barabara wala ukingo wake.

“Simama! Simama wewe!” Dada yangu alikuwa kando yangu, mwanawe mchanga mapajani. Tulikuwa tumetoka naye kliniki Busia.

Nikakanyaga breki. Lori likapita, giza likarudi, na ndani ya giza likaanza kujengeka tela lililoharibika katikati ya njia yetu, bila taa hata moja. Kati ya boneti yetu na chuma chake mtu mmoja angepita kwa kujibana.

Lori lile lilikuwa limenipigia taa mara mbili kutoka mbali. Huku kwetu hiyo ni kusema askari wako mbele, basi nikafunga mkanda, nikajiona mjanja. Kumbe lilikuwa linanionya.

Dereva wa tela akaja na tochi ya simu, akainama dirishani.

“Boss, matawi ya kuonya nimetandika tangu kule kwa kalvati. Ulitaka nikupandie msitu?”

“Pole, mzee.”

“Pole mpe huyo mtoto.”

Tulipolizunguka tela na kuendelea, dada akauliza, “Uliyaona matawi?”

“Niliyaona.”

“Mwongo. Hadithi zako peleka kwa vitabu.”

Tangu mvua za mwaka jana taa za usiku zilikuwa zikinipasukia machoni. Nilijifunza kukwepa: kutazama mstari mweupe wa kushoto, kufuata mgongo wa lori lililotangulia, kusugua kioo kwa gazeti. Nilinunua miwani ya manjano kwa mchuuzi wa pale mpakani. Ikageuza taa kuwa asali na barabara kuwa lami juu ya lami. Sikumwambia mtu. Mimi huandika hadithi, lakini nyumbani kwetu kuandika si kazi. Mimi ni yule anayeendesha gari, na nani angenihitaji nikiuacha ule ufunguo?

Lori jingine likachomoza. Mikono yangu ikakaza usukani, na midomo ikacheza yenyewe.

“Unasema nini?” dada akauliza.

“Nahesabu.”

“Unahesabu nini?”

“Taa zikinijia sioni kitu. Nahesabu mpaka barabara irudi. Mara nyingi ni tatu. Leo, pale kwa matawi, nilikuwa nimefika tano.”

Hakunifokea. Heri angenifokea. Alimvuta mtoto kifuani, akamfunika kichwa kwa kiganja, kana kwamba kiganja kingezuia tela.

“Na Jumapili, ulipomtoa mama kanisani usiku?”

“Nilihesabu.”

“Na mama ndani.”

“Na mama ndani.”

“Washa taa za hazadi. Tambaa mpaka Adungosi.”

Nikatambaa. Baiskeli yenye gunia la mkaa ilitupita, mwenyewe akacheka, “Hata konokono ana haraka!” Hakuna aliyecheka ndani. Kila taa ilipokuja dada alisema “kushoto,” “sawa,” “ngoja,” nami nikageuza usukani kwa sauti yake, shati limenigandia mgongoni.

Sokoni Adungosi akaniambia niegeshe mbele ya duka lililokuwa bado wazi. Shemeji yake anakaa nyuma ya duka hilo. Angelala huko na mtoto.

“Kutoka hapa nyumbani ni karibu,” nikasema.

“Karibu kwa nani?”

Akachomoa ufunguo mwenyewe, akautia kwenye mfuko wa nepi.

“Njoo ulale ndani, au lala hapa. Asubuhi utamwambia mama kwa mdomo wako. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na mimi sijui kupamba maneno.”

“Atasema sina kazi.”

“Aseme, lakini utakuwa hai.”

Mtoto alikuwa amelala. Dada akashuka naye, akaegemeza kiuno kwenye mlango, akausukuma taratibu mpaka ukajifunga.