Mshipi Haukutibu Upele

Dada yangu mdogo alirudi Migwani kutoka shule ya bweni akiwa na vipele katikati ya vidole. Usiku vilimuwasha hadi akalia. Baada ya wiki chache karibu nyumba nzima ilikuwa inajikuna, lakini baba alimwona yeye peke yake.

Jumapili moja dada alijikuna kanisani, wazee wa kanisa wakimtazama. Tulipofika nyumbani baba alivua mshipi.

"Unaniaibisha na uchafu wako!"

Alimchapa mpaka vipele vikapasuka na gauni likalowa damu. Mama alipoingilia kati alisukumwa, akaangukia mafiga. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilisimama mlangoni nikitazama.

Kesho yake mama alimsugua dada kwa gunzi na sabuni ya unga, akidhani ni uchafu kweli. Kilichotoka ni ngozi. Jioni baba akaleta dawa ya kupe, ile ya kunyunyizia mbuzi, akaimimina kwenye beseni.

"Ingia."

Dada aling'ang'ania mlango. Baba alikuwa anamburuta kwa nywele wakati shangazi alipoingia uani. Ni dada mkubwa wa baba, na ndiye mhudumu wa afya wa kijiji. Alilipiga beseni teke, akamkaba baba kwa kola.

"Unataka kuua mtoto? Hii ni sumu!"

"Toka kwangu!"

Shangazi alimzaba kofi, akamfunua shati. Kiunoni, vipele tele.

"Huu ni upele. Kuna kadudu kanachimba kwa ngozi. Hata wewe uko nako."

Baba akashusha shati lake.

Dada alipelekwa zahanati kwanza, maana vidonda vilikuwa vimetunga usaha. Vilipokauka, shangazi alitupaka sote dawa siku moja, kuanzia shingoni hadi nyayo, hata mama ambaye hakuwa na kipele. Iliunguza kama pilipili. Nguo na mashuka tulivifua kwa maji moto, tukavianika juani. Wiki iliyofuata tukapaka tena. Tuliendelea kuwashwa kwa siku kadhaa, kama alivyotuonya, kisha tukapona.

Baba hakuomba msamaha. Dada sasa anaishi Makindu. Mwaka jana mtoto wake alipoanza kujikuna, aliwapaka dawa wote nyumbani siku hiyohiyo, kisha akanipigia simu.

"Usimwambie baba," alisema. "Atataka kuja."