Mahindi Yangu Katika Malka

Mume wangu alipokuwa hai, hakuna aliyethubutu kulima katika malka. Ndivyo tunavyoiita njia ya mifugo inayokatiza mashamba yetu hadi mtoni, ili ng'ombe wa Waorma watokao mbugani wapate kunywa. Shamba letu, juu kidogo ya Garsen, limepakana nayo. Mafuriko ya Novemba yalipopungua, niliitazama ardhi ile: ina unyevu, ina samadi ya miaka yote. Jumatatu ya pili ya Desemba, mwaka wa tatu wa ujane wangu, nikapanda mahindi humo, na upande wa mbugani nikaufunga kwa ua wa miiba. Nilijiambia kwamba mjane hapaswi kumwomba mtu chakula. Sijapata kumwomba mtu, na hilo nalitaja kwa fahari.

Nilikuwa nikisoma darasa la ngumbaru. Jumatano ya kwanza ya Februari, mwalimu, kijana wa umri wa kitindamimba wangu, alitutaka tueleze tarafa yetu: ardhi yake, watu wake na kazi zao. Nilisimama bila kusita. Niliufuata mto kwa maneno tangu Ndera hadi unapoingia baharini Kipini. Nikataja mpunga na ndizi za ukingoni, samaki, mifugo ya mbugani, na soko la Garsen tunakokutana sote.

"Vizuri sana, mama," akasema mwalimu. "Na hao ng'ombe wanakunywa wapi?"

Kabla sijajibu, mwanamke wa Kiorma niliyeketi naye dawati moja akadakia: "Usimsumbue, mwalimu. Ng'ombe ya sisi siku hizi iko na elimu. Inasoma ua kwanza, halafu inazunguka."

Darasa zima likacheka, naye akacheka. Mimi niliketi. Mwanamke huyo ndiye aliyeniletea maziwa siku zote za matanga ya mume wangu.

Tulipotoka nilimuuliza wanazungukia wapi.

"Malka ya mbali. Huko ukingo ni mbaya. Mwezi wa Januari ng'ombe moja imekwama tope, imekufa."

"Kesho nitaufungua ua. Pitisheni."

Alinitazama kana kwamba mimi ni mtoto aliyesema upuuzi. "Juu ya mahindi ya mjane? Ng'ombe ikikanyaga, watu watasema Orma imekula shamba. Vijana watashika fimbo. Hapana, dada. Tutazunguka."

Basi Alhamisi asubuhi nikaung'oa ua, nikachukua panga. Mahindi yalikuwa yametoa ndevu. Niliyafyeka mwenyewe.

"Umepatwa na nini, mama?" jirani yangu mkulima akaniuliza kwa sauti kubwa. "Wenzio wanasubiri mahindi ya kuchoma, wewe unafyeka!"

Niliendelea kufyeka. Yeye na wengine waliniona nikipanda, na hakuna aliyenikanya. Mjane huhurumiwa, nami huruma ile niliitumia kama jembe.

Alasiri ng'ombe walipita, wakiyaokota mabua niliyoyalaza chini. Rafiki yangu wa dawati alikuja nyuma yao. Aliitazama ardhi tupu, akanishika mikono miwili na kunishukuru, kana kwamba nilikuwa nimempa kitu changu. Kisha akaniombea dua, Mungu anizidishie mavuno.

Sikuweza kuitikia amina.