Bei ya Ndugu wa Mfanyakazi

Nakumbuka, mwanangu, Jumatatu moja nilipovaa kitenge changu cha kanisani nikaenda Lilongwe kununua pikipiki mpya ya mizigo kwa bei ya mtoto wangu. Nakueleza haya kwa sababu nimesikia umepata kazi pale wanapouza magari, na tayari ndugu wanakusalimia kuliko zamani.

Wakati ule sikuwa bibi. Nilikuwa mwanamke wa Bukavu mwenye nguvu zake, nashona nguo hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na kuuza nyanya na maharage sokoni. Nilikuwa na Deo. Sikumzaa. Nilimkuta njiani tukikimbia, mtoto wa Kirundi aliyepotewa na watu wake wote. Alinishika nguo, na ni kama hakuiachia mpaka tulipofika Malawi. Alikula nilichokula, akaniita Mama, na hapa kambini wengi hawakujua kama kulikuwa na mwingine kabla yangu.

Alipokua akapata kazi mjini, katika duka la pikipiki mpya, za magurudumu mawili na zile za matatu zenye bodi ya mizigo nyuma. Yeye alikuwa akiziunganisha zinapotoka kwenye masanduku. Siku moja alikuja nyumbani akasema wafanyakazi wananunua kwa bei ya chini, na jamaa zao pia. Mimi na akina mama wawili wa kanisani tulikuwa tukiweka akiba tupate chombo cha kuleta mboga kutoka Madisi, maana kabaza, mchukuzi wa baiskeli, hubeba kidogo, na mvua ikinyesha hafiki. Kwa bei ya kawaida, akiba yetu haikufika. Kwa bei ya Deo, ilitosha.

Deo aliniomba nisubiri. Alitaka kwanza aulize wakubwa wake wanaposema jamaa wanamaanisha nani. Mimi nikaona huko ni kuchelewesha mambo. Mtoto si wangu? Nikawaambia wenzangu twende, na yeye sikumwambia kitu.

Tulimkuta na mafuta mikononi. Akashtuka kutuona, lakini akatupeleka kwa meneja, mama mmoja Mmalawi mwenye heshima. Yule mama alitusikiliza vizuri, kisha akamgeukia Deo. Alisema siku Deo alipoajiriwa alieleza kwamba mama yake alifariki. Sasa huyu ni nani? Bei ile ni ya mke, watoto na wazazi, na mfanyakazi akidanganya anafukuzwa.

Deo alitazama chini. Akajibu, "Mama yangu alikufa. Huyu ni mama wa kule kambini."

Mwanangu, nilikielewa Kichewa chake chote. Wenzangu nao walikielewa. Nikasema zikomo, asante ya kwao, nikainuka, nikatoka.

Alitufuata mpaka nje. "Mama, ungeningojea kidogo tu," akasema, "ningeongea nabo bizuri."

Nikamjibu, "Mi si mama yako. Umesema we mwenyewe."

Hayo maneno nayasikia hata leo. Deo alisimama pale akijifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata mafuta yalipokwisha.

Alikuja kambini Jumapili iliyofuata, kama kawaida yake, na sabuni na sukari. Nikampokea kama mgeni. Nikamwekea nsima, ugali wa huku, kwenye sahani nzuri, peke yake, nikamwita bwana. Alikula kidogo, akashukuru, akaondoka mapema. Jumapili nyingine hakuja, na mimi nikajiambia ni yeye mwenye makosa.

Aliyenikemea alikuwa Mzee Gervais, Mrundi fundi viatu, mzee wa kanisa letu. Alikuja nyumbani akakaa bila kuharakisha, akaulizia cherehani yangu, akaulizia mguu wangu uliokuwa ukiniuma. Ndipo akaniambia kwamba Deo alimwomba waende pamoja kwa meneja. Walikwenda wakaeleza habari yote, njia tuliyopita na miaka niliyomlea. Yule mama alikubali kwamba aliyemlea mfanyakazi ahesabiwe mzazi, mradi jambo lisemwe wazi kabla ya kununua na awepo shahidi. Deo alikuwa na jibu zuri, ila aliogopa kuniletea.

Nilianza kulalamika jinsi alivyoniaibisha mbele ya watu. Mzee akanikatiza.

"Nabintu, siku ile ulienda kutafuta mutoto, ao ulienda kutafuta bei ya chini?"

Huyu mtoto nilimfundisha mwenyewe kusema kweli, na aliposema kweli nikamwadhibu.

Hata hivyo sikwenda upesi. Kiburi, mwanangu. Nilisema wiki ijayo, kisha nikasema mavuno yapite. Nilipokwenda, meneja aliniambia Deo ameacha kazi, amefuata vijana wenzake Afrika Kusini. Bei ile, akasema kwa upole, ni ya mfanyakazi aliyepo.

Pikipiki tulikuja kuinunua baadaye, kwa bei ya kila mtu, na ilitubebea mizigo vizuri. Deo hupiga simu sikukuu zikifika. Ana mke, ana watoto. Anaongea nami kwa adabu sana. Ananiita Mama Nabintu, kama wanavyoniita wateja wangu.

Basi wewe, kabla hujamwahidi ndugu yeyote gari kwa bei ya kazini, uliza nani anahesabiwa jamaa, uliza pia kama gari laweza kuuzwa tena na baada ya muda gani. Ukishajua, waambie ndugu zako waziwazi, hata wakinuna. Anayetaka jina lako ili anunue na kumuuzia mwingine, mkatalie. Na siku utakapokuwa wewe ndiye ndugu anayeomba, mngoje mwenzako aulize. Usimweke mahali ambapo lazima achague kati yako na mkate wake. Ukikasirika, kasirikia bei. Usiguse undugu, maana mimi nilimwomba Deo msamaha kwa simu, akasema yamekwisha, na bado hajarudi kuniita Mama.

Mungu akulinde katika kazi hiyo, akupe ulimi wa kweli na moyo wa kusubiri. Na akupe ndugu watakaokuja kukuona hata siku ambayo huna bei ya kuwapunguzia.