Msimamizi wa Nyuma ya Matete

Asajile wa Ikolo alipewa usimamizi wa duka kwa sababu alikuwa na karatasi. Nasema hivyo bila kijicho. Enzi zile za utawala wa Mdachi, mfanyabiashara aliyenunua mpunga wetu kwa chumvi na kaniki, tuliyemwita Bwana Miwani, hakumuuliza mtu kama anaelewana na majirani. Aliuliza cheti. Cheti kilitolewa na shule moja ya wazungu huko milimani, na kilisema mwenye nacho amefundishwa biashara.

Kabla ya hapo Asajile alikuwa pagazi. Alibeba mizigo ya wenyewe hadi pwani, na wazazi wake wote wawili walizikwa yeye akiwa njiani. Aliporudi alimwambia mkewe Tusekile kwamba amechoka kukuta makaburi, na kwamba kazi yoyote itakayomweka nyumbani ataifanya. Ndipo akapanda milimani, mtu mzima mwenye mwana aliyekwisha kuoa, akaketi darasani na vijana waliomwita babu. Alisoma kwa hasira, akafaulu.

Bwana Miwani alikisoma cheti, akaugusa mhuri kwa kidole, akampa duka. Hakuuliza zaidi, na Asajile kwa furaha hakusema zaidi.

Duka lenyewe lilijengwa kwenye kijiji cha vijana, alikoishi mwanawe, Aliko, pamoja na wenzake wa rika lake na wake zao. Kwetu vijana hujenga kwao na wazee hubaki kwao, na sababu moja hata mtoto anaijua: mwanamke haonani na baba mkwe. Akimwona kwa mbali hujitosa migombani. Na wakwe hawakuwa mmoja mmoja. Rika zima la akina baba lilikimbiwa na wake wote wa kijiji kile, na wake hao ndio waliopepeta mpunga na kuupeleka kuuza.

Siku ya kufungua, wanawake walikuja na vikapu kichwani, wakaona ni nani aliyeketi mlangoni, wakatoweka. Mmoja aliacha kikapu, kuku wakamsaidia. Asajile naye, kwa adabu, alikuwa amekwisha kugeukia ukutani, akabaki hivyo mpaka jioni.

Mavuno yakaisha ghala likiwa tupu. Bwana Miwani alipokuja alikitazama cheti upya, akaona mhuri haujafutika, akashindwa kuelewa.

"Nikirudi nikakuta hivi," alisema, "utarudi kwenye mizigo."

Usiku ule Asajile hakula. Aliogopa, na hakuona haya kumwambia mkewe. Kulipokucha Tusekile alikwenda kwa akina mama wenye wana waliooa, akawaamkia, akawauliza, "Enyi mama zangu, mkwe anakimbiwa yeye tu, au hata mizani yake inakimbiwa?"

Walibishana mpaka viazi vikaungua. Mwisho mkubwa wao akasema, "Asionekane. Asiseme nao. Mizani haijaoa wala haijazaa."

Basi Asajile akajenga ukuta wa matete katikati ya duka, akaacha uwazi chini. Tusekile alikaa mbele akipokea vikapu na kusema na watu. Vikapu vilisukumwa chini ya matete, Asajile akapima, chumvi na kaniki zikatoka kwa njia ileile. Wanawake wakarudi. Ghala likajaa hadi Tusekile akakosa pa kuketi.

Lakini kuna kitu ambacho Asajile hakukitarajia. Marita, mke wa Aliko, binti wa wafinyanzi wa ufukweni, alikuwa mkwewe kwa mwaka wa tatu, na Asajile hakuwahi kuisikia sauti yake. Sasa akaisikia. Alijua anavyokohoa, anavyovutana na wenzake bei ya vyungu vya mama yake, anavyombembeleza mwanawe.

"Mama Aliko," alimwambia mkewe, "kumbe mkwe wetu ana kicheko!" Akafuta macho, akasingizia makapi ya mpunga.

Mjukuu, ambaye hakukatazwa lolote, alitambaa chini ya matete akaenda kulala juu ya magunia ya babu yake.

Bwana Miwani aliporudi aliona ghala, akaona ukuta, akaamua kwamba ukuta unafundishwa shuleni. Akaamuru maduka yake yote yawekewe. Makapera wenye vyeti, wasiokimbiwa na mtu, wakakaa nyuma ya matete wakitoka jasho, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Kisha akapita nyuma ya matete, akamwambia Asajile kwamba mwezi ujao atahamia Tukuyu, kwenye duka kubwa.

Duka lilikuwa na watu. Upande wa pili Marita aliacha kumbembeleza mtoto.

Asajile alikichukua cheti akakikunjua mbele ya mwajiri wake.

"Bwana," alisema, "hiki kinasema biashara tu. Hakikusema kubwa."

Bwana Miwani alikisoma juu hadi chini, akageuza na nyuma. Kweli, hakikusema. Akamshukuru kwa uaminifu wake, akaenda kumtafuta mwenye vyeti viwili.

Asajile akakaa tena juu ya magunia yake. Mtoto alikuwa anatambaa kuja kwake. Marita, ambaye hakuruhusiwa kumsemesha mkwewe, akamtuma mwanawe shukrani kwa kikwetu, kwa sauti iliyosikika hadi migombani:

"Mwambie babu, ndaga fijo."