Mgeni wa Zambarau

Nyamburi, mjane wa kijiji kimoja karibu na Bunda, hakujua jina la Kiswahili la lile ua dogo la zambarau lenye kitovu cha manjano. Aliliita mgeni. Mgeni alipoota katikati ya pamba yake, aliacha kulima sehemu ile. Nyasi zilipomsonga mgeni hadi akatoweka, baada ya misimu minne au mitano, Nyamburi alirudi na jembe.

Mwaka 1984 nilikuwa bwana shamba wao, nimetoka Morogoro na shahada mpya isiyoshika hata vumbi. Sabuni ilikuwa adimu, na kijiji kilikuwa kimeamua kwamba shamba lisilolimwa apewe mwingine apande pamba. Kipande cha Nyamburi kilikuwa zambarau tupu, na shemeji yake, Werema, alikitaka. Uamuzi ulisubiri taarifa yangu.

"Andika, bwana shamba," Werema alisema. "Shemeji yangu analima maua."

"Na wewe unalima maneno, shemeji. Hayo hayasubiri mvua." Nyamburi akanigeukia. "Mwanangu, huyu mgeni anakujaga ardhi ikichoka. Hapa pamelala, hapajafa. Nipe misimu miwili."

Kitabu changu kiliita ua lile gugu. Niliandika: shamba limetelekezwa. Hadi leo sijui kama niliamini nilichoandika, au niliogopa tu kuonekana sikusoma.

Werema alilima. Pamba ilifika magotini, ikafunga vitumba vichache, ikadumaa. Msimu wa pili mgeni aliota katika kila mstari, na Werema akalirudisha shamba mwenyewe, bila kikao. Nilikwenda kuomba radhi. Nyamburi alinisikiliza akipukuchua mahindi.

"Lilikuwa limebakiza misimu miwili," alisema. "Sasa tunaanza upya."



Nilihamishiwa Musoma. Niliporudi kupita mwaka 1991, sabuni zilikuwa zimepangwa hadi darini madukani Bunda, na Nyamburi, mgongo umepinda, alikuwa akipalilia kipande kile. Pamba ilimfika kifuani. Kwenye ukingo, penye changarawe, palikuwa na ua moja la zambarau. Mkono wangu ukalifuata, kwa mazoea.

"Mwache," alisema bila kuinua uso. "Huyo ndiye bwana shamba wangu."

Nilivua viatu, nikaomba jembe la pili. Alinionyesha mstari wa kuanzia, ule ulio mbali kabisa na ua.