Jamvi la Karam Ilahi

Ilikuwa mwaka sabini na sita. Hapana, nakosea. Mwaka huo tulikuwa bado tunapumzika Jumapili, serikali haijahamishia mapumziko Ijumaa, na mechi ile tuliicheza Ijumaa, tukaikata katikati kwenda msikitini. Basi ni sabini na nane, mwezi wa tatu, ngano bado mbichi kuzunguka kiwanja chetu cha kriketi pale mjini Jhang.

Klabu haikuwa na mwajiriwa. Ilikuwa na Karam Ilahi. Riziki yake ilikuwa kuziba pancha za baiskeli, lakini moyo wake ulikuwa kwenye jamvi. Kiwanja kilikuwa udongo mtupu, kwa hiyo mpira tuliudundisha juu ya jamvi refu la makumbi, na kila Ijumaa alfajiri yeye alilitandika, akalivuta, akalipigilia misumari mirefu pembeni. Likichanika alilishona kwa sindano ya magunia. Hakuna aliyemlipa, wala hakuna aliyewahi kumwona ameshika gongo la kupigia mpira. Mimi nilikuwa mwandishi wa mikimbio, yaani alama za mchezo, ndiyo maana nilikuwepo.

Wakati huo binti yake Shamim alikuwa ameposwa na Tasawar, mpigaji wetu bora, mtoto wa Haji Mehar Din mwenye duka la mbao. Harusi ilibaki wiki moja.

Ile Ijumaa ilikuwa fainali, sisi na vijana wa Shorkot. Kwetu timu inayopiga ndiyo inayotoa mwamuzi, na mwamuzi wa nyumbani, kila mtu anajua, hamtoi mwenzake kwa kosa la mguu, yaani kuuzuia kwa mguu mpira unaokwenda kwenye vijiti vitatu anavyovilinda. Sasa mwamuzi wetu akashikwa na tumbo. Nahodha akamvuta Karam Ilahi mkono.

"Ami, simama wewe."

"Mimi? Mimi fundi wa pancha!"

"Ndiyo maana. Sisi wengine pumzi zimetuishia."

Ikabaki mikimbio minne tushinde, Tasawar anapiga, na nyuma yake hakuna mwingine; akitoka, tumeshindwa. Mpira ukadunda, ukamgonga mguuni mbele ya vijiti. Shorkot wakapiga kelele kudai ametoka, kwa mazoea tu. Karam Ilahi akatazama jamvi, akatazama mguu, akainua kidole.

Hata mrusha mpira hakuamini. "Mzee, umemtoa kweli, au unatuonyesha ndege?"

"Katoka," akasema Karam Ilahi.

Haji Mehar Din akaingia uwanjani mbio. "We Karam! Macho umeyasahau kwenye baiskeli za watu? Mtu anamtoa mkwewe mwenyewe?"

"Haji, mpira ulikuwa unakwenda kwenye vijiti."

"Na harusi nayo imekwenda! Katafute mkwe Shorkot!"

Watu wakatawanyika bila kuaga. Nguo za Shamim zilikwisha shonwa, ndugu wa Lyallpur walikwisha alikwa. Karam Ilahi akainama, akaanza kung'oa misumari kama kila Ijumaa. Nikafunga daftari nikamsaidie. Kabla sijafika, Tasawar alikuwa ameshashika ncha ya pili, vikinga miguu hata hajavivua.

"Ami, vuta upande huo. Peke yako utavunjika kiuno."

"Baba yako atakasirika, mwanangu."

"Si ameshakasirika? Tukunje."

Wakalikunja, wakalibeba mabegani, mimi nyuma yao na mfuko wa misumari. Njia inapita mbele ya duka la mbao. Haji alikuwa ameketi kitini katikati ya njia.

"Abba, tupishe," Tasawar akasema. "Jamvi la harusi linapita."

Haji akalitazama jamvi. Halafu akasogeza kiti. "Msiliburuze," akasema. "Litachakaa."

Ijumaa iliyofuata hatukucheza. Wageni wa harusi walikaa juu ya jamvi lile, matundu ya misumari pembeni, wakala wali na nyama, na Haji akakaa katikati kabisa.

Karam Ilahi alilitandika miaka mingi baadaye, mpaka klabu ilipomwaga saruji. Siku ile ya fainali mimi mezani nilikuwa nimekaa upande, mpira ule sikuweza kujua ulikuwa unaelekea wapi. Kwa hiyo nilimwuliza kama kweli ulikuwa unakwenda kwenye vijiti, si mara moja, tukinywa chai. Kila mara yeye aliniomba nimpe uzi wa kushonea jamvi. Alipofariki nikamwuliza Tasawar, akacheka, akaniongezea chai. Mpaka leo najiuliza: Tasawar angekuwa mtu baki, si mkwewe, kidole kile kingeinuka?